Nlikunywa Kombe Asubuhi ya Kisu

Si mazingaombwe, Sule, na wala hawakunifanya panya wa kujaribia dawa. Uliyasema juzi barazani mbele ya watu, ukacheka, ukaniuliza hiyo taa inayoonesha saratani inapopita mie nliiona kwa macho yangu au nlihadithiwa. Nkanyamaza kwa sababu mama yako alikuwa amekaa pale anachambua mchele. Leo nakujibu, na nakujibu kwa maandishi ili usinikatize.

Sikuiona. Nlikuwa nimelala. Na hata ningekuwa macho nisingeiona, kwa sababu hiyo taa jicho la mtu haliioni. Kamera ndiyo inayoiona. Sasa cheka tena.

Wengine mnaosoma, nikujulisheni. Sule ni kaka wa mume wangu, Haji. Si mtu mbaya. Nlipoumwa alikuwa wa kwanza kuja na wa mwisho kuondoka, lakini mdomo wake haujui kupumzika, na wangu ndio kabisa, kwa hiyo tukikaa chumba kimoja chai inapoa. Mie Rukia. Kazi yangu kutengeneza mashine za boti pale Malindi, bandarini Unguja, zile zinazofungwa nyuma, za kuvuta kamba. Hakuna aliyenifundisha. Marehemu baba aliacha mashine mbovu uwani, nkaifungua, nkaifunga, zikabaki skrubu mkononi, na ikawaka. Mafundi wanaume walinicheka mwanzo. Sasa wananiletea zile zinazowashinda, ila wananiita "fundi" kwa sauti ndogo, wateja wasisikie.

Kazi siitaji kwa kujisifu. Naitaja kwa sababu ya mkono. Mashine ya kamba inataka mkono wa kulia. Unashika mpini, unaegemea, unavuta kutoka begani kwa nguvu moja, na ikigoma unavuta tena. Na uvimbe wangu ulikuwa ziwa la kulia.

Nliugundua wakati wa kaskazi, joto lile la kushinda chooni unajimwagia maji. Sabuni ikapita, kidole kikagonga kitu kigumu kama kokwa ya tende. Hakikuuma. Huo ndio uongo wake, hakiumi. Nkamwambia Haji. Akasema labda maziwa yameganda. Nkamwambia maziwa ya nani, mtoto wetu yuko skuli anajua kuandika jina lake. Akanyamaza. Haji akiogopa hunyamaza, na mie nkiogopa hugomba, kwa hiyo nyumba yetu siku zile ilikuwa na kelele za mtu mmoja.

Vipimo vyote sitakuhadithieni. Nakumbuka benchi la kungojea, mbao imeng'aa kwa kukaliwa. Nakumbuka feni ya juu inagonga kila ikizunguka, nkataka kuomba ngazi nikaifunge sawa. Na nakumbuka wanawake tuliokaa pale, kila mmoja anajifanya kamsindikiza mwenzake. Ukimuuliza huyu, "Mie nimemleta huyu hapa." Ukimuuliza yule, "Aa, mie ndiye niliyemleta yeye." Benchi zima la wasindikizaji, mgonjwa hakuna. Mie mwenyewe nlisema nimekuja kutengeneza feni.

Majibu yalipotoka Haji alikaa chini sakafuni, kiti kipo. Daktari akasema tumeiwahi. Akasema uvimbe watautoa bila ya kulitoa ziwa lote, na tezi za kwapani watazitoa zote, kwa sababu saratani ikianza kusafiri hupitia huko.

"Zote?" nkamuuliza.

"Ndio utaratibu."

"Na kama haijafika huko?"

"Hatuwezi kujua mpaka tuzitoe, dada."

Hapo nkamuona Mamdogo Zuhura mbele ya macho yangu. Mamdogo ni mdogo wake mama, anakaa Matemwe, alikuwa akilima mwani. Alikatwa saratani hii hii miaka ya nyuma na akapona, alhamdulillahi, yuko hai na anagomba na kuku wake kila asubuhi. Lakini kwapa lilisafishwa lote na mkono ukavimba, na haukurudi. Mzito, ngozi imekaza, bangili zilikatwa kwa msumeno. Hafungi tena kamba za mwani, hakamui nguo. Kwenye harusi hukaa pembeni, mkono kaufunika kwa kanga, na akiulizwa husema anasikia baridi. Baridi, Unguja. Hajalalamika hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Waliomtibu siwalaumu, walifanya kilichokuwapo. Lakini mie mtu akiniambia "zote" bila kujua kama zina kosa, hatuelewani.

Nkamwambia daktari nataka njia nyengine. Nlikuwa nimeshajitayarisha kugombana. Kumbe hakukasirika. Akasema njia ipo, si hapa, ni Dar. Kuna hospitali inapokea timu ya wageni, inakuja na kamera yake, inafanya kazi siku chache inaondoka. Mgonjwa anadungwa rangi ya kijani pembeni ya chuchu. Rangi inatembea chini ya ngozi, inafuata njia ile ile ambayo saratani ingeifuata, mpaka kwenye tezi za mwanzo kabisa. Wanazima mataa ya chumba, wanamulika kwa taa yao, na kwenye kioo tezi zilizopokea rangi zinang'aa. Wanazitoa hizo tu na kuzipima. Zikiwa safi, nyengine haziguswi.

Basi. Ya kitaalamu kwangu yanaishia hapo.

Nyumbani tukakaa kikao. Sule akasema, "Wakate zote wamalize. Mkono kitu gani? Mtu anataka roho."

Nkamwambia, "Roho yangu inakula kwa mkono huu."

"Na hiyo rangi wanayomtia," mama yangu akauliza, "hutoka lini?"

"Rangi ya taa, taa ya rangi," Sule akasema. "Watu wamekaa Ulaya wanatengeneza sinema, nyie mnapanda boti kwenda kuitizama."

Nkafungua mdomo nimpe yake, Haji akanitangulia. Tangu benchi la hospitali alikuwa hajasema neno la maana. Akasema, "Mwenye mwili kasema. Yamekwisha." Kisha akatoka nje kama aliyeiba kitu. Siku hiyo nlimpenda upya yule mwanamme.

Nkangoja timu. Masika ikanyesha yote mie nangoja. Nlikuwa nalala kifudifudi nkitumai uvimbe utabanwa usikue, ujinga mtupu lakini nlifanya. Kazini plagi inanianguka mkononi. Nkigomba na wateja nasikia sauti yangu inatetemeka, nazidisha kelele isijulikane. Mvua zilipokata na baridi ya kipupwe ikaingia, tukaitwa.

Asubuhi ya kuondoka Malindi wale wachukuzi wa bandarini, ambao kila siku tunatukanana kwa sababu ya mikokoteni yao mlangoni pangu, mmoja akaja akachukua mkoba wangu begani. Hakuniambia kitu mpaka ngazi ya boti. Pale akasema, "Fundi, mashine yangu mbovu. Nakuwekea wewe." Mashine hana, boti hana. Nkaingia ndani nkageuza uso upande wa dirisha.

Tulikwenda mie na mama, Haji akabaki na mtoto. Mama alikuwa na mkoba wake mmoja ambao hakumpa mtu kushika, kaupakata njia nzima kama kichanga.

Wodini kitanda cha pili alikuwa Mama Neema, mwanamke wa Kigamboni, muimba kwaya, mnene wa vicheko. Alipojua natoka Unguja akaniuliza, "Nyie mkikatwa mnatoka damu au karafuu?"

Nkamwambia, "Na nyie wa Dar mkikatwa inatoka foleni."

Tukawa marafiki hapo hapo. Na yeye ziwa, na yeye kwapa, na yeye rangi ya kijani. Daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi anayesema pole pole, alipita jioni akatueleza. Kesho ni siku ya mwisho ya timu, kamera inaondoka nayo. Rangi imebaki chupa moja. Ni unga, unachanganywa na maji asubuhi, na ukishachanganywa haukai kutwa, muda ukipita unamwagwa. Kwa hiyo tutaingia wawili tu kwa kufuatana, mie mwanzo, Mama Neema nyuma yangu. Nesi akasisitiza kuanzia usiku tusile kitu, tusinywe kitu, hata maji.

Baada ya sala ya alfajiri mama akaufungua ule mkoba. Akatoa chupa, maji yake ya manjano ya dhahabu, harufu ya mawaridi ikajaa pazia zima. Kombe. Alikuwa kenda Matemwe kwa maalim aliyenisomesha Kur-ani utotoni, akaziandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi, na mama akalivusha bahari kwenye mapaja yake.

"Kunywa, mwanangu. Maalim kakusomea mwenyewe."

"Mama, nimekatazwa kunywa."

"Umekatazwa maji. Hili si la kiu, Rukia. Hiki kisomo."

Na wallahi iliniingia akilini. Nataka mnielewe, hasa nyinyi msiokuwa wa kwetu. Majumbani mwetu kombe halihesabiwi pamoja na chai na sharbati. Ni dua, ila inapita kooni. Mie ninayegombana na kila kitu, hili sikugombana nalo. Nkapiga bismillahi nkalinywa lote. Tamu. Mama alitia asali.

Daktari wa nusukaputi akaja, kijana, anatembea kama anayechelewa boti. "Umekula chochote?"

"Sijala."

"Umekunywa?"

"Sijanywa."

Ungenitia kwenye mashine ya kupima uongo ningepita. Sikuwa nadanganya. Nlikuwa naamini.

Nesi aliyekuja kunichukua na kitanda cha magurudumu alikuwa Bi Raya, mtu mzima, sauti tu ikanambia Mpemba. "Shikamoo," nkamwambia. "Marahaba mwanangu. Fungua mdomo nitizame kama una meno ya bandia." Nkafungua. Akainama karibu ya uso wangu, akanusa.

"Umekunywa kombe?"

"Naam."

"Wakati gani?"

"Sasa hivi, baada ya kusali."

Akaushika ukingo wa kitanda. "Angekuja nesi mwengine asingeijua hii rangi ya ulimi. Mie bibi yangu kanilea nayo." Kisha akanieleza, bila ya ukali. Mtu akilazwa kwa nusukaputi, kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na hapo hata hiyo saratani haina haja ya kukuua. "Tumbo halijui kisomo, mwanangu. Linajua kimeingia kitu."

Yule kijana wa nusukaputi aliporudi akaambiwa. Akatupa mikono. "Nyie watu wa visiwani na maji yenu ya waganga. Siku nzima imeharibika."

Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia, namuona miguu yake. Miguu ikarudi nyuma kidogo.

Nkakaa kitako, nguo ile ya mgongo wazi na yote. "Skiliza. Nigombeze mie, nimekosa. Lakini huyo aliye nyuma ya pazia ni mama yangu, na aliyeandika ni maalim wangu, si mganga. Kabeba hilo kombe kutoka Matemwe mikononi. Ukitaka kumsema yeye, ngoja kwanza mie nife, na leo sifi."

Mama Neema kitandani kwake akasema, "Amina." Bi Raya akageuka upande, mabega yanamtikisika.

Daktari wa upasuaji akaingia kwa kelele zile. Hakumgombeza mtu. Akauliza kombe lina kitu gani. Bi Raya akajibu zafarani, marashi, maji. "Hakuna kingine? Maziwa? Asali?" Bi Raya akanitizama. Mie nkatizama pazia. Mama angeweza kunyamaza, nani angejua? Aliona keshaharibu, na kila neno linazidi kumuaibisha. Lakini akatoka, kajifunga kanga yake vizuri, akasema kwa sauti ya wazi, "Asali imo. Nliitia mie. Na ni glasi nzima, si nusu."

"Ahsante, mama," daktari akasema. "Umenisaidia sana."

Kisha akaniambia ukweli. Tutageuza zamu. Mama Neema ataingia kwanza, rangi itachanganywa kwa ajili yake, mie ningoje tumbo lishuke. Ya Mama Neema ikienda vizuri, rangi bado itakuwa nzima na mie nitaingia. Ikichelewa, rangi itamwagwa. "Hapo utachagua. Nikusafishe kwapa lote leo hii, au urudi nyumbani ungoje timu. Sijui itarudi lini, na uvimbe wako haungoji."

Mama Neema akapita na kitanda chake karibu yangu, akanishika kidole gumba cha mguu. "Nawaambia wafanye haraka, Karafuu. Nikichelewa ujue ni mafuta, nina mengi." Mlango ukafungwa.

Sasa nkuhadithieni kungoja.

Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, chupa tupu iko chini ya kitanda, hakuna anayeitizama. Nlikuwa na hasira, nisikudanganyeni. Hasira ilinijaa mpaka kwenye meno. Na hapakuwa na mtu wa kumpa, kwa sababu mtu mwenyewe ndiye niliyetoka kumpigania. Nkaukunja mkono wa kulia, nkaukunjua. Nkautizama. Nkavuta kamba isiyokuwapo, pale pale kitandani, mara na mara, mpaka mgonjwa wa upande wa pili akauliza kama nna degedege.

Mama akasema chini chini, "Nimekuua."

"Hujaniua. Kaa."

"Zuhura mkono wake nnaukanda mie. Nnaujua ulivyo. Na leo nimekuja kukufanyia na wewe hayo hayo."

"Mama. Kaa."

Simu ikalia, Haji. Nkamwambia yaliyotokea. Nyuma yake nkamsikia Sule anauliza nini, nini, na Haji akamuelezea, na Sule akasema, "Mie nlisema." Nkasubiri Haji aseme kitu. Akasema, "Rukia, mama anakula?" Nkageuka kumtizama mama. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana. Alikuwa anafunga na mie, kimya kimya, na hakusema.

"Hali," nkamwambia.

"Mwambie ale. Wewe utaingia. Mama mwambie ale."

Ikawa ndio kazi yangu. Nkamtuma mama kantini anakataa, nkamgombeza, akaenda, akarudi na andazi, nkamsimamia mpaka akalimaliza. Kumgombeza mtu ale kuliniondolea hasira zaidi ya kulia. Tukaanza kuzungumza. Akanihadithia nlivyozaliwa napiga kelele kabla sijatoka nje kamili. Najua si kweli. Nliicheka tu.

Bi Raya akapita, nkamuuliza kwa macho. "Bado." Akapita tena. "Bado, ila uvimbe umetoka." Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa kwenye msikiti wa jirani na mlango ule haujafunguka. Mama akatandika kanga akasali pale ubavuni mwa kitanda. Mie nkasali kwa kukaa. Sikuomba nipone. Niliomba rangi isiharibike. Mungu anajua nlivyomaanisha.

Mlango ukafunguliwa mama yuko kwenye tasbihi. Bi Raya anakuja mbio, mtu mzima yule, kandambili zinapiga sakafu. "Haya, haya, haya. Ipo. Lala, twende."

Chumba kile baridi. Mataa makubwa, na pembeni kitu kama televisheni kwenye miguu ya magurudumu, na mkono wa kamera umekunjwa. Yule kijana wa nusukaputi ndiye aliyenifunga kifaa kidoleni. Akaniambia, "Samahani kwa lile neno, dada." Nkamwambia, "Yamekwisha, lakini ukinikosea kipimo ntarudi." Daktari akainamia uso wangu, macho tu yanaonekana.

"Rangi bado ipo?" nkamuuliza.

"Ipo. Lala."

Nlipoamka kitu cha kwanza si kuuliza. Nlijaribu kuinua mkono wa kulia. Uliniuma vibaya sana, nkafurahi. Daktari akaja jioni. Tezi tatu ziling'aa, wamezitoa tatu, nyengine wameziacha. Majibu yatakuja.

Mama Neema kitandani kwake sauti imemkauka. "Karafuu, nlikwambia ni mafuta?"

"Ulikaribia kunimwagia rangi yangu."

"Nlikuwa nakuwekea. Imebaki chini ya chupa, ile tamu tamu."

Kungoja majibu ndiko kugumu kuliko kisu, na hakuna wa kukwambia vyengine. Tukarudi Unguja. Karibu na chuchu ngozi ilibaki na kijani kama chubuko la zamani, na ziwa lilikuwa na bonde upande mmoja. Haji hakuweza kulitizama. Alikuwa akiingia chumbani anazungumza na kabati. Nkamvumilia, kisha sikumvumilia. Siku moja nkamwambia, "Njoo unioshe kwapa, mwenyewe sifikii." Nlikuwa nafikia. Akaja na bakuli na kitambaa, akaosha, machozi yanamdondoka kwenye maji. Tangu siku hiyo ikawa kazi yake, na kabati likapumzika.

Majibu yakaja. Tezi zote tatu safi. Mamdogo Zuhura alikuja kutoka Matemwe siku hiyo. Akanivua kanga begani bila ya kuniuliza, akaushika mkono wangu kwa ule wake mzito, akaubinya kutoka kiganjani mpaka juu kama anayechagua kitambaa dukani. Akasema, "Mwembamba." Akarudia, "Mwembamba."

Haikuishia hapo. Vuli yote nlikuwa kwenye dawa ya mshipani. Nywele zilitoka kwa mafungu, nkazinyoa mwenyewe kabla hazijanitoroka. Kucha zikawa nyeusi. Harufu ya petroli, harufu ninayoipenda kuliko udi, ikawa inanitapisha, na hilo lilinihuzunisha zaidi ya upara. Kisha mionzi, tena Dar, tena boti. Kaskazi iliporudi, ngozi ya kifua ilikuwa imeungua kama niliyelala juani upande mmoja. Bado naenda kuangaliwa. Hakuna aliyeniambia nimepona moja kwa moja, na mie sikwambii. Mkono una ganzi kidogo ndani ya kwapa, na nimeambiwa niutunze, nisibebe mizigo ya kijinga. Mashine za kamba navuta. Zile kubwa namuita kijana mmoja mwenye nguvu anivutie, namlipa kwa matusi.

Sasa Sule, lako hili. Siku moja kliniki kule Dar, daktari wa upasuaji alituwekea picha ya hiyo taa iliyorekodiwa siku ya kisu, mie na mama. Mwanzo ngozi tu, hakuna kitu. Mataa yakazimwa, picha ikawa nyeusi. Kisha uzi mweupe ukatoka pembeni ya chuchu, ukatambaa wenyewe, pole pole, chini ya ngozi isiyoonesha kitu, ukapinda, ukafika kwapani ukasimama. Pale ukang'aa kama kimulimuli ndani ya ngumi. Mama alisogea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo.

"Hiyo njia imo mwilini mwake siku zote?"

"Imo kwa kila mtu, mama," daktari akasema.

"Hata mie?"

"Hata wewe."

Mama akatia mkono ndani ya buibui akajishika kwapa, taratibu, kama anayemgusa mtoto aliyelala. Akaulizia siku gani na yeye anaweza kuja kupimwa. Mama yangu, ambaye hospitali huijua kwa kusindikiza tu. Hiyo ndiyo sinema yako, Sule.

Na kombe nakunywa mpaka leo, asije mtu akasema nimeacha ya kwetu kwa sababu ya kamera. Nlimuuliza daktari, akasema kunywa, ila si asubuhi ya kisu, na kila nkilinywa niseme. Basi nasema. Wewe unayesoma haya umelala kwenye kitanda cha magurudumu, au una siku ulizopangiwa, wakikwambia usinywe kitu, kombe ni kitu. Zamzam ni kitu. Majani aliyochemsha shangazi ni kitu, na tone la asali kwenye ncha ya kidole cha mama ni kitu. Mama yangu alitoka nyuma ya pazia akasema asali imo, mbele ya mtu aliyemdharau, na kusema kwake ndiko kulikomjulisha daktari aningojeshe kwa muda gani kabla ya kunilaza.

Wewe leo asubuhi umekunywa nini ambacho daktari wako hajui?